Mashini za zamani za michezo zinazomeza sarafu: kwa nini Wamarekani wanazipeleka nyumbani, na Kongo inaweza kujifunza nini?

Katika nyumba za Wamarekani wenye uwezo, siku hizi si ajabu kukuta kabati kubwa ya mbao imesimama katika chumba cha chini. Ina kioo cha televisheni ya zamani, fimbo nne za kuchezea, vifungo na matundu ya kutilia sarafu. Jina lililoandikwa juu yake ni NBA Jam, mchezo wa basketi uliotoka mwaka wa 1993. Kati ya wachezaji walio ndani yake kuna Mkongomani mmoja, Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, ambaye wakati huo alikuwa anachezea timu ya Denver Nuggets. Katika mchezo huo anashirikiana na mwenzake LaPhonso Ellis.

Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58. Wakongomani wanamkumbuka juu ya hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Lakini picha yake ya ujana inaendelea kuruka na kuzuia mipira ndani ya mashini ambazo zimepita miaka 30, na mashini hizo zinauzishwa kwa maelfu ya dola.

Jambo hilo linashangaza. Mchezo huo wa zamani unaweza kuonekana leo hata kwenye kompyuta ndogo. Tangu mwaka wa 1997 kuna programu inayoitwa MAME, ambayo inaiga mashini za namna hiyo. Basi kwa nini mtu atoe feza nyingi kwa ajili ya kabati nzito, yenye kioo kinachoharibika, na yenye tundu la sarafu ambalo hana lazima nalo tena? Jibu la ulizo hilo linahusu pia balabala za Goma, Bukavu, Uvira na Bunia, ambako vijana wangali wanalipia mchezo mmoja kwa mara.

Biashara iliyojengwa juu ya sarafu moja

Michezo ya sarafu haikuanza na televisheni. Skee-Ball, ambamo mchezaji anaviringisha mpira ili uingie katika matundu yenye alama, ilipata hati ya uvumbuzi huko Marekani mwaka wa 1908. Kisha Chicago ikawa mji mkuu wa viwanda vya namna hiyo. Huko zilitengenezwa mashini za besiboli, za bowling na za basketi zilizotumia chuma, springi na sumaku, mbele kabisa ya kompyuta kuingia katika michezo.

Mwaka wa 1972 kampuni ya Atari, huko California, ilitoa Pong, mchezo wa meza wa tenisi kwenye kioo, uliotengenezwa na injinia Allan Alcorn. Mashini ya kwanza iliwekwa ndani ya baa moja ya mji wa Sunnyvale. Baada ya muda mfupi ilisimama. Fundi alipofika akakuta kwamba haijaharibika: sanduku la sarafu lilikuwa limejaa mpaka likazuia zingine kuingia. Toka hapo wafanyabiashara walielewa kwamba michezo inaweza kuingiza feza nyingi kwa kukusanya kidogokidogo kutoka kwa watu wengi.

Namna ya kugawana ilikuwa rahisi. Mwenye mashini aliiweka katika baa, duka ao kituo cha basi cha mtu mwingine. Mwisho wa juma sanduku lilifunguliwa, na mara nyingi feza ziligawanywa nusu kwa nusu. Mchezaji alilipa senti 25 ao 50. Hakuna aliyehitaji kuwa tajiri ili acheze, na hakuna aliyecheza kwa siri, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watu wanaongoja zamu yao.

NBA Jam iliutumia mpango huo kwa akili zaidi kuliko michezo mingi. Kiongozi wa kazi yake katika kampuni ya Midway, huko Chicago, alikuwa Mark Turmell. Wachezaji ni wawili kwa wawili, na watu wanne wanaweza kusimama pamoja mbele ya kioo kimoja. Mchezo umegawanyika katika vipindi vinne, na kwa kawaida ukimaliza kipindi unapaswa kutia feza tena ili uendelee. Inaripotiwa mara nyingi kwamba katika mwaka wake wa kwanza NBA Jam iliingiza dola miliari moja huko Marekani. Kwa sarafu za senti 25, hizo ni sarafu miliari nne.

Turmell mwenyewe, aliyekuwa mshabiki wa Detroit Pistons, alikuja kueleza baadaye kwamba waliweka hila ndani ya programu. Chicago Bulls wakicheza na Pistons, mipira ya Bulls ya sekunde za mwisho ilikuwa inakosa makusudi. Tena Michael Jordan, nyota wa Bulls, hakuwa ndani ya mashini za kawaida, kwa sababu haki za picha yake hazikuwa pamoja na za wachezaji wengine. Mambo hayo yote yakawa mazungumzo ya watu waliosimama kuzunguka mashini, na mazungumzo hayo yalileta wachezaji wengine.

Namna gani mashini zilitoka mbele ya watu

Kilichoangusha vyumba vya michezo ni televisheni ya nyumbani. Mwezi wa Machi 1994, NBA Jam yenyewe ilianza kuuzishwa kwa ajili ya kuchezea nyumbani. Mwaka wa 1995 PlayStation ilifika Marekani, na tofauti kati ya kabati kubwa na chombo kidogo cha nyumbani ikaanza kupotea. Midway iliacha kutengeneza mashini za sarafu mwaka wa 2001. Mwaka wa 2009 ilifilisika, na sehemu kubwa ya mali yake ikanunuliwa na Warner Bros.

Vyumba vya michezo vilipofungwa, mashini ziliuzishwa kwa bei ya chini ao zikatupwa. Wengine waliondoa mchezo wa zamani na kuweka mwingine ndani ya kabati ileile. Ndiyo sababu leo mashini ambazo hazikubadilishwa zimekuwa chache, na kitu kikiwa kichache bei yake inapanda.

Kisha watoto wa zamani wakakua. Aliyekuwa na miaka 13 mwaka wa 1993 leo ana miaka zaidi ya 40, ana kazi, na pengine ana nyumba. Wakati wa Covid-19 mwaka wa 2020, watu walipofungiwa ndani, wengi walitafuta vitu vya kujifurahishia nyumbani, na mashini za zamani zikatafutwa zaidi. Kampuni ya Arcade1Up, iliyoanza kuuzisha kabati ndogo za kuiga mwaka wa 2018, ilitoa NBA Jam yake mwaka huo wa 2020 kwa bei ya karibu dola 500. Lakini mashini nyingi mpya za namna hiyo zinatengenezwa Uchina, na mwaka wa 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa za Uchina. Bidhaa ya kuiga ikipanda bei, wanunuzi wengine wanageuka tena kutazama ile ya asili.

Hesabu ambayo muuzaji hasemi

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jambo hilo. Mtu akinunua mashini kwa dola 3.000, feza hizo zingelipa michezo 6.000 kwa senti 50. Familia ikicheza mara mbili kila siku, bila kuruka hata siku moja, itahitaji miaka zaidi ya nane ili ifikie hesabu hiyo. Hapo hazijahesabiwa feza za kuisafirisha, za fundi na za umeme. Ikiwa lengo ni mchezo peke yake, hesabu haikubali.

Kwa hiyo mnunuzi analipia kitu kingine. Hilo linaonekana katika desturi moja ya wenye mashini hizo. Karibu kila mashini inaweza kupangwa icheze bila feza, lakini wengine hawataki. Wanaacha tundu la sarafu likifanya kazi, na pembeni wanaweka bakuli yenye sarafu ili wageni wachote na kutia wenyewe. Sarafu zinatoka kwa mwenye nyumba na zinarudi kwa mwenye nyumba. Anachotafuta ni kuonja tena hali ya zamani: sauti ya sarafu ikianguka, zamu, mabishano, mtu usiyemjua akikuomba mcheze pamoja.

Shida ni kwamba hali hiyo haikukaa ndani ya kabati. Ilikuwa kwa watu walioizunguka. Wamarekani wengine wamekwisha kulitambua hilo na wamefuata njia ya kurudi. Barcade ilifungua milango yake Brooklyn mwaka wa 2004, ikiunganisha baa na mashini za zamani. Karibu na Chicago, chumba cha michezo cha Galloping Ghost kilifunguliwa mwaka wa 2010. Mtu analipa mara moja mlangoni, kisha anacheza mamia ya mashini kadiri anavyotaka. Mashini ni zilezile za zamani, lakini zimerudishwa kati ya watu.

Mnunuzi achunguze nini?

Kuna Wakongomani wengi walio Marekani, na kati yao kuna wanaotuma makontena ya mizigo nyumbani. Anayefikiri kununua mashini ya namna hiyo, iwe kwa nyumba yake ya kule ao kwa kufungua biashara huku, anapaswa kuangalia mambo haya.

La kwanza, asitume feza mbele ya kuona mashini ikiwashwa na ikichezwa kwa muda wa kutosha. Picha nzuri haionyeshi kama kioo kinazimika baada ya dakika 20. Ikiwa yuko mbali, amtume mtu anayemwamini.

La pili, afungue mlango wa nyuma. Kabati inaweza kuwa ya asili na vitu vya ndani vikawa vya mchezo mwingine. Atazame kama kadi za elektroniki zimeliwa na maji ya betri ya zamani, na kama nyaya zimekatwa na kuunganishwa ovyo.

La tatu ni kioo. Mashini hizo zinatumia televisheni nzito za zamani, zile zenye bomba la kioo nyuma. Utengenezaji wake umeachwa karibu dunia nzima. Fundi mzuri wa televisheni anaweza kubadilisha kondensateri zilizochoka na kuirudisha, lakini bomba lenyewe likikufa, kupata lingine ni kazi. Tena ndani yake umeme mkali unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya, na unaweza kuua. Asiyejua asiguse.

La nne, umeme wa Marekani ni volti 120. Wa Kongo ni volti 220, na unapanda na kushuka. Mashini ikichomekwa moja kwa moja inaweza kuungua siku ya kwanza. Inahitaji transfo yenye nguvu ya kutosha pamoja na chombo cha kutuliza umeme.

La tano, apime milango na ngazi. Kabati ya watu wanne ni pana na nzito, na wanaume wawili hawatoshi kuipandisha.

La mwisho, asichanganye mashini ya mchezo na mashini ya kamari. Huko Marekani, majimbo mengi yana sheria kali juu ya kuweka nyumbani mashini za kamari, hata za zamani. Mashini ya michezo kama NBA Jam hairudishi feza kwa mshindi. Tofauti hiyo ndiyo inayoitenganisha na kamari.

Mfano ulio karibu zaidi: babyfoot

Kuna mchezo mwingine wa sarafu ambao vijana wa Kivu na Ituri hawahitaji kuelezwa: babyfoot. Mwanzo wake unabishaniwa. Mwingereza Harold Thornton alipata hati ya uvumbuzi katika miaka ya 1920. Wahispania wanamtaja Alejandro Finisterre, aliyesema kwamba alifikiria mchezo huo wakati wa vita vya kwao, alipoona watoto walioumizwa ambao hawangeweza tena kucheza mpira kwa miguu.

Huko Ufaransa, meza za babyfoot za viwanda kama Bonzini, cha Bagnolet karibu na Paris, ziliwekwa katika mikahawa ya kila mtaa. Mchezaji alitia sarafu, akavuta, mipira ikashuka. Lakini mikahawa ya Ufaransa, iliyohesabiwa karibu 200.000 mwaka wa 1960, leo haifiki 40.000. Meza zilizotoka humo zimeingia katika nyumba na ofisi, na meza nzuri ya zamani inaweza kupita euro 1.000. Nyingi zingali na tundu la sarafu za franga ya Ufaransa, ambayo iliacha kutumiwa mwaka wa 2002, euro ilipochukua nafasi yake. Ni hadithi ileile ya Marekani: mahali pa kukutania panakufa, kisha meza yake inakuwa pambo la nyumba.

Kongo, inchi isiyotumia sarafu

Katika Mashariki ya Kongo mambo yamekwenda kwa njia nyingine. Sarafu hazitumiwi hapa. Feza ni noti za franga kongomani ao dola. Kwa hiyo babyfoot ya kwenye balabala haina lazima ya chombo cha kumeza sarafu. Kijana anayeichunga ndiye anayepokea noti, kutoa mpira, kuhesabu magoli na kuamua wanapogombana. Kazi ambayo Chicago na Bagnolet ziliipa chuma, huku inafanywa na mtu. Na meza yenyewe, fundi wa mbao wa kartie anaweza kuitengeneza na kuirekebisha bila kungoja kontena.

Jambo hilo lina faida ambayo Wamarekani wanailipia maelfu ya dola bila kuipata: mchezo ungali mbele ya watu. Wasiojuana wanacheza pamoja. Asiye na feza anatazama, na aliyeshinda anabaki mezani. Hapo kuna mshahara mdogo wa mchungaji na faida kidogo kwa mwenye meza.

Wazazi wengine hawaoni hivyo. Kwao babyfoot na vyumba vya PlayStation ni mahali ambapo watoto wanakimbilia masomo yakiwa yanaendelea, na ambapo feza ya mkate inapotea. Hofu hiyo ina msingi, lakini si ya Kongo peke yake. Mwaka wa 1942 mji wa New York, chini ya meya Fiorello La Guardia, ulikataza mashini za pinball, ukizihesabu kuwa kamari inayoiba feza za watoto. Polisi walizivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Katazo hilo liliondolewa mwaka wa 1976 tu, baada ya mchezaji mmoja kuonyesha mbele ya washauri wa mji kwamba ni mchezo wa ufundi na si wa bahati.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 34, na fundisho lake linafaa hata leo. Viongozi wa New York walichanganya mchezo na kamari, wakapiga vyote kwa nyundo moja. Katika miji ya Kongo, meza ya babyfoot inakaa siku hizi karibu na nyumba za kubeti mpira, ambako kijana anatoa feza akitumaini kurudishiwa nyingi zaidi. Vitu hivyo viwili havifanani. Kwenye babyfoot, anayelipa anajua anachonunua: dakika chache za mchezo. Kwenye kubeti ananunua tumaini, na anayepoteza anavutwa kurudi ili akomboe alichopoteza.

Kwa hiyo mkuu wa kartie anayetaka kulinda vijana ana njia nyingine kuliko kufukuza kila kitu. Anaweza kukubaliana na wenye meza juu ya saa za kufungua, ili mtoto aliyevaa uniforme asicheze wakati wa masomo. Anaweza kukataza kucheza kwa kuwekeana feza. Anaweza kuonyesha mahali palipo mbali na barabara ya magari. Hayo hayaombi bajeti ya serkali, yanaomba tu viongozi na wazazi wakubali kwamba mahali pa kuchezea ni sehemu ya mji kama vile soko.

Marekani na Ufaransa zilikuwa na mahali hapo kila pembe, zikaviacha vikafungwa kimoja kimoja, na sasa watu wao wananunua kipande kimoja cha mbao kwa bei ya pikipiki. Mwenye kabati ya NBA Jam anaweza kumchagua Mutombo usiku wowote anaotaka. Lakini mashini inahitaji watu wengine watatu, na hao hawauzishwi pamoja nayo. Katika kartie za Mashariki ya Kongo, watu hao wangali wanasimama kuzunguka meza, wakingoja zamu yao.